Amplifaya ya gari inayojizima: pima kwanza, nunua baadaye

Muziki unapiga vizuri, besi inagonga, mara kimya. Sekunde chache baadaye sauti inarudi, lakini ukiongeza kidogo tu inakata tena. Wengi wakifika hapo wanaamua kwamba amplifaya imekufa. Wananunua nyingine, wanaifunga kwenye nyaya zilezile, na ile mpya nayo inakata palepale. Hali hii huniuma kila ninapoiona, kwa sababu mara nyingi ile iliyotupwa ilikuwa nzima kabisa. Ilikuwa inajizima ili isiungue.

Ndani ya karibu kila amplifaya ya gari kuna sakiti ya ulinzi. Inaangalia volti zinazoingia, zisishuke mno wala kupanda mno. Inaangalia mkondo unaotoka kwenda kwenye spika, joto la transista, na kama kuna umeme wa DC, yaani umeme wa mkondo mnyoofu kama wa betri, unaovujia kwenye nyaya za spika, ambao huunguza koili ya spika kwa muda mfupi sana. Kimoja kati ya hivyo kikivuka mpaka, inakata. Kwa hiyo kabla ya kushika spana jiulize amplifaya yako imeona nini. Jibu huwa limejificha katika namna inavyozima: taa zinafanyaje, inazima wakati gani, na inarudi vipi.

Anza na taa. Ikikata, nenda kaitazame palepale, usisubiri irudi. Taa ya kawaida, iwe ya buluu au ya kijani, ikiwa inaendelea kuwaka huku hakuna sauti, amplifaya haijazima. Tatizo liko kwenye redio, kwenye waya za RCA (zile zinazoleta ishara ya sauti kutoka kwenye redio) au kwenye nyaya za spika. Ikiwaka nyekundu, au ile iliyoandikwa PROTECT, sakiti ya ulinzi imekamata kitu. Na ikiwa giza tupu, hakuna taa hata moja, basi umeme wenyewe umekatika njiani, au amplifaya imeambiwa ilale.

Hili la mwisho ndilo jepesi kuliko yote, tulimalize. Amplifaya huingiza umeme kwa nyaya tatu: mnene wa chanya kutoka kwenye betri, mnene wa hasi unaofungwa kwenye bodi ya gari, na mwembamba unaotoka kwenye redio, ambao kazi yake ni kuiamsha. Huo mwembamba ndio waya wa rimoti, na kwenye redio nyingi ni wa buluu wenye mstari mweupe. Pembeni yake mara nyingi kuna mwingine wa buluu mtupu, huo ni wa antena. Kwenye baadhi ya redio, waya wa antena huwa na umeme pale tu unaposikiliza stesheni. Mtu aliyefunga amplifaya kwenye waya huo anapata sauti safi kwenye redio, lakini akihamia Bluetooth inazima, na anaweza kusaka tatizo wiki nzima bila kuliona.

Kuhakiki ni rahisi. Chukua kipande kifupi cha waya, uunganishe tundu la chanya na tundu la REM, yaani la rimoti, palepale kwenye amplifaya. Ikiacha kukata, mkosaji ni waya wa rimoti au redio yenyewe. Ukimaliza jaribio ondoa kipande hicho, la sivyo amplifaya itabaki macho usiku kucha na asubuhi betri itakuwa imekauka. Ujue pia kwamba waya wa rimoti wa redio hauna nguvu ya kubeba mzigo. Ukiutumia kuamsha amplifaya tatu na feni mbili kwa pamoja, volti zake zinashuka na kila kitu kinazima. Hapo weka rilei, yaani swichi inayowashwa kwa umeme mdogo, redio iiamshe rilei, na rilei ndiyo ipeleke umeme kwingine.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo hupotosha watu kuliko yote: volti zinazopotea njiani.

Betri nzima iliyopumzika huwa na takriban volti 12.6. Injini ikiwaka na altaneta ikifanya kazi, kwenye magari mengi utaona kati ya 13.8 na 14.4. Watu wanapima hapo, chini ya boneti, wanaona namba nzuri, wanahitimisha kwamba umeme hauna shida. Lakini amplifaya iko nyuma kwenye buti. Kati yake na betri kuna mita kadhaa za waya, fyuzi, kishikio cha fyuzi, vichwa vya waya, nati na boliti, na upande wa hasi kuna bodi nzima ya gari. Kila kiungo kati ya hivyo kinaweza kula volti.

Chukua amplifaya ya wati 1000 za kweli, yaani RMS. Tuseme ni ya daraja D, aina ya sakiti isiyopoteza umeme mwingi, na inatumia vizuri asilimia 80 ya umeme inaoupokea. Ili itoe wati 1000 inahitaji kuvuta 1250. Gawa kwa volti 13.8, unapata mkondo wa takriban ampea 90. Sasa weka kiungo kimoja kibovu njiani, boliti iliyokazwa juu ya rangi au kichwa cha waya kilicholegea, chenye ukinzani wa omu 0.01 tu. Ampea 90 zikipita hapo, volti 0.9 zinapotea, na wati 81 zinageuka joto kwenye boliti moja. Ndiyo maana unaweza kufungua kishikio cha fyuzi ukakuta plastiki imeyeyuka na kubadilika rangi kuwa kahawia, wakati fyuzi yenyewe haijakatika. Fyuzi hukatwa na mkondo uliozidi kiwango chake, na hapa mkondo haujazidi. Kilichoharibika ni mshiko. Ukiwa na viungo vitatu vya namna hiyo, na betri ambayo nayo inashuka kila besi inapogonga, volti kwenye amplifaya zinakaribia 10, na nyingi hukatia maeneo hayo. Zaidi ya hapo, amplifaya zenye mfumo wa kujirekebisha hujibu upungufu wa volti kwa kuvuta mkondo zaidi, na mkondo ukiongezeka volti zinazopotea zinaongezeka pia.

Kinachowachanganya mafundi wengi wachanga ni kwamba omu 0.01 huwezi kuiona kwa mita ya kawaida. Nyaya za mita yenyewe zina ukinzani mkubwa kuliko huo. Ukipima waya wa hasi kwa kipimo cha omu, mita itakuonyesha karibu sifuri hata kama umebaki uzi mmoja tu wa shaba ulioshikilia. Mita hutumia mkondo mdogo mno, na mkondo mdogo hupita popote. Kiungo kinajulikana ubovu wake pale kinapobebeshwa mzigo.

Kwa hiyo pima volti, muziki ukiwa unapiga kwa sauti ileile inayosababisha kukata. Kwanza weka nyaya za mita kwenye tundu la chanya na la hasi la amplifaya yenyewe. Namba za mita hubadilika polepole kuliko besi inavyogonga, kwa hiyo ikiwa mita yako ina kitufe cha MIN/MAX, kitumie. Kitakushikia volti za chini kabisa zilizofikiwa. Kama huna, piga toni moja isiyokatika ya takriban hezi 50 kwa sekunde chache, usome namba, uzime. Usiiache muda mrefu, maana toni ya mfululizo huchemsha koili ya sabufa, ile spika ya besi, kuliko muziki.

Ukiona volti zimeporomoka, tafuta zilikopotelea. Weka waya mmoja wa mita kwenye kichwa cha chanya cha betri na mwingine kwenye tundu la chanya la amplifaya. Utahitaji kuurefusha kwa waya wowote mwembamba, hauna mzigo. Mita sasa inakuonyesha moja kwa moja volti zilizoliwa na njia ya chanya. Zikiwa 0.2 au 0.3, sawa. Zikivuka nusu volti, anza kusogeza ncha ya mita kuelekea betri: baada ya fyuzi, kabla ya fyuzi, kwenye kichwa cha waya. Namba ikishuka ghafla kati ya hatua mbili, kiungo kibovu kiko katikati yake. Halafu rudia zoezi hilohilo upande wa hasi, kutoka kichwa cha hasi cha betri hadi tundu la hasi la amplifaya.

Upande wa hasi ndio ninaoutilia shaka mapema zaidi, kwa kuwa ndio unaofungwa kwa haraka. Mtu analeta waya mnene kutoka mbele kwa uangalifu mkubwa, halafu hasi anaibana kwenye skrubu ya kwanza anayoiona kwenye buti. Chini ya skrubu kuna rangi, chini ya rangi kuna kinga ya kutu, na mkondo wa ampea 90 unatakiwa upite kwenye nyuzi za skrubu pekee. Kwangua mpaka uone chuma kinang'aa, tumia boliti na nati zenye washa ya meno, na waya uwe na unene sawasawa na wa chanya na mfupi kadiri inavyowezekana. Ukimaliza, paka grisi au rangi juu ili kutu isirudi. Boliti ya mkanda wa kiti usiiguse. Ile imewekwa kushikilia mtu siku ya ajali. Kumbuka pia kwamba mkondo unaofika kwenye bodi lazima urudi kwenye betri, na waya wa kiwandani kati ya bodi na kichwa cha hasi haukuwekwa kwa ajili ya amplifaya kubwa. Kuongeza waya wa pili hapo ni kazi ndogo yenye faida kubwa.

Waya wenyewe nao uchunguze. Nyaya nyingi zinazouzwa kama za amplifaya ni za alumini iliyopakwa shaba kwa nje, na alumini hupitisha umeme kwa takriban asilimia 60 ya shaba. Mita 5 za waya wa shaba wa milimita mraba 21, ule unaoitwa namba 4, hupoteza takriban volti 0.36 kwa ampea 90. Wa alumini wa unene huohuo hupoteza zaidi ya nusu volti. Kwangua uzi mmoja kwa kisu: shaba ya kweli ni nyekundu hadi ndani, hata kama imepakwa bati juu. Ukiona weupe ndani, ni alumini.

Ikiwa njia ni nzuri lakini volti zinashuka kwenye betri yenyewe, basi chanzo kimezidiwa. Dalili yake ni kwamba inakata gari likiwa limesimama na injini inaunguruma taratibu, na inatulia ukiwa barabarani, kwa sababu altaneta hutoa kidogo sana ikizunguka polepole. Taa za mbele kufifia kwa kila pigo la besi ni ushahidi mwingine. Betri iliyochoka ibadilishwe, na kama wati ni nyingi mno kwa altaneta iliyopo, hakuna ujanja, ama upunguze sauti ama uongeze altaneta.

Hapa ndipo watu huuziwa kapasita, kifaa kinachohifadhi umeme kidogo na kuutoa haraka. Hesabu yake iko wazi: kapasita ya faradi 1 ikishuka kutoka volti 14 hadi 12 hutoa jouli 26. Amplifaya yetu inayovuta wati 1250 inazimaliza hizo kwa sehemu mbili za mia za sekunde moja. Inaweza kulainisha mtikisiko mdogo, lakini haiponyi betri mbovu wala waya mwembamba.

Turudi kwenye taa nyekundu. Ikiwa volti ni nzuri na bado inakata sauti inapopanda, angalia mzigo wa spika. Sabufa nyingi zina koili mbili. Kila moja ikiwa ya omu 4, ukiziunganisha sambamba unapata omu 2, ukiziunganisha kwa mfululizo unapata 8. Ukiwa na sabufa mbili za aina hiyo na ukaunganisha koili zote nne sambamba, umefika omu 1. Amplifaya iliyoandikwa kwamba inavumilia omu 2 itapiga kwa sauti ya chini bila shida, kisha itakata ukiongeza. Mtego mwingine ni kuunganisha chaneli mbili, yaani njia mbili za amplifaya za kutoa sauti, ziwe moja. Hapo kila chaneli inaona nusu ya omu za spika, kwa hiyo amplifaya inayokubali omu 2 kwa kila chaneli inahitaji spika ya omu 4 zikiunganishwa.

Chomoa nyaya za spika kwenye amplifaya na upime omu kwenye ncha zake. Usishangae sabufa ya omu 4 kusoma 3.2 hadi 3.8, ndivyo inavyotakiwa. Mita ikiwa bado imeunganishwa, sukuma koni taratibu kwa vidole vilivyotandazwa, ndani na nje. Namba ikirukaruka au ukihisi mkwaruzo, koili imeungua au imelegea, na hapo umepata jibu la kwa nini inakata pale tu koni inapocheza sana. Kisha pima kati ya kila waya wa spika na chuma cha gari. Isiwepo njia kabisa. Mita ikisoma chochote, kuna mahali waya umechubuka na unapiga shoti, mara nyingi kwenye bawaba ya mlango, chini ya reli ya kiti au chini ya skrubu ya zulia. Gari linalokata likipita kwenye matuta tu, anzia hapa. Na waya wa hasi wa spika usiufunge kwenye bodi kamwe. Kwenye amplifaya nyingi nao unabeba umeme.

Joto lina tabia yake. Inapiga vizuri nusu saa au zaidi, inakata, inapumzika dakika kadhaa, inarudi, na safari hii inadumu muda mfupi zaidi. Nyingi hukata zikifika nyuzi 80 hivi za Selsiasi au kuzidi. Amplifaya ya daraja AB, aina nyingine ya sakiti, inaweza kugeuza karibu nusu ya umeme wake kuwa joto, kwa hiyo ukiifungia chini ya zulia, au ukaigeuza kichwa chini, umeizuia isipumue. Ipe nafasi ya hewa pande zote. Kuifunga juu ya boksi la sabufa nako sikushauri, mtikisiko hulegeza skrubu na kupasua risasi iliyoyeyushwa kuunganisha vipande vya sakiti. Lakini usikimbilie feni kabla ya kupima volti na omu, kwa kuwa volti ndogo na omu ndogo ndizo huchemsha amplifaya ambayo ingekaa vuguvugu.

Kitufe cha geini nacho hutumiwa vibaya. Kazi yake ni kulinganisha nguvu ya ishara ya redio na amplifaya. Watu wanaigeuza kuwa kitufe cha sauti na kuifungua mpaka mwisho. Ishara ikizidi, vilele vya wimbi vinakatwa, na wimbi lililokatwa hadi kuwa mraba hubeba nguvu mara mbili ya wimbi laini la kimo kilekile. Kitufe cha kuongeza besi ni hatari zaidi: desibeli 6 ni mara nne ya nguvu, desibeli 12 ni karibu mara kumi na sita. Kiweke sifuri. Kisha weka redio kwenye robo tatu ya sauti yake, fungua geini polepole mpaka usikie sauti inaanza kukwaruza, urudishe nyuma kidogo.

Ukifika hapa na taa nyekundu bado inawaka, hasa kama inawaka mara tu unapowasha, fanya jaribio la kutenganisha. Zima kila kitu, chomoa spika zote na waya za RCA, ubakize chanya, hasi na rimoti. Washa. Taa ikiwa nyekundu hata bila kitu chochote, tatizo liko ndani, mara nyingi transista za kutoa sauti au za kupandisha umeme zimepiga shoti. Ikitulia, rudisha RCA, kisha spika moja baada ya nyingine, na ile itakayoirudisha nyekundu ndiyo ya kufuatilia.

Katika kazi hii yote, fungua kichwa cha hasi cha betri kabla ya kugusa waya mnene wowote. Fyuzi ya mbele iwe ndani ya sentimita 45 kutoka kwenye betri, maana inalinda waya usiwashe gari moto, na usiweke kubwa zaidi ya kile waya unachoweza kubeba eti kwa sababu ndogo inakatika. Usimruhusu mtu yeyote aikate sakiti ya ulinzi ili amplifaya iache kuzima. Kinachofuata ni moshi, na mara nyingi spika huondoka nayo.

Transista zilizoungua hubadilishwa, kwa hiyo amplifaya nzuri inastahili kupelekwa kwa fundi wa elektroniki kabla ya kutupwa. Mpelekee na karatasi yenye vipimo vyako: taa ilikuwa ya rangi gani, ilikata baada ya muda gani, volti za chini kabisa kwenye matundu ya amplifaya, omu za kila jozi ya spika, na kama iliwaka nyekundu ikiwa peke yake bila spika wala RCA.